KUSHIKA NA KUACHIA: SOMO KUTOKA KATIKA MISULI YETU



Sifa zote njema ni za Allah, aliyetuumba akatupa umbo na nguvu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), jamaa zake na maswahaba wake wote.

Ndugu zangu katika imani, posti ya leo ni ndefu. Mwenye haraka aihifadhi, aje aisome baada ya Isha akiwa ametulia.

Kila wiki napokea swali moja kwa sura nyingi. "Sheikh, baba amepooza upande mmoja, aswali vipi?" "Ustadhi, bibi yetu magoti hayampeleki kwenye sujudu, tumwambie apumzike tu?" Hukumu nimekuwa nikiitaja kwa ufupi, na leo pia nitaitaja. Lakini tunauliza hukumu ya mwili ambao wengi wetu hatujui unavyokwenda. Tunainua mkono kwa takbira mara nyingi kila siku na hatujui nani ameuinua. Basi leo tuingie ndani ya mkono huo. Na mkivumilia mpaka mwisho, mtaona kuna jambo linatuhusu hata sisi wazima, na huenda sisi wazima ndio tunalihitaji zaidi.

DENI LA KILA ASUBUHI

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (radhi za Allah ziwe juu yake), kwamba kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza. Kisha akataja mifano: kusuluhisha baina ya watu wawili, kumsaidia mtu apande mnyama wake au kumpakilia mzigo wake, neno jema, hatua za kwenda kuswali, kuondoa chenye kuudhi njiani. Na katika riwaya ya Abu Dharr kwa Muslim tunafahamishwa kuwa rakaa mbili za Dhuha zinatosha kulipa deni hilo.

Itazameni vizuri mifano ile. Takribani yote ni mwendo: mtu anainua, anabeba, anatembea, anainama. Hata neno jema ni misuli ya kifua, koo, ulimi na midomo. Kiungo peke yake hakijiendeshi. Mfupa ni kama boriti, na kiungo ni kama bawaba ya mlango. Anayeuvuta mlango ni msuli.

Mimi si katika wanaochukua kila hadithi na kuigeuza kitabu cha udaktari. Hadithi ile imekuja kutufundisha shukrani. Lakini shukrani huongezeka mtu akijua amepewa nini, kama anayepewa kisanduku kilichofungwa kisha akakifungua.

MSULI HAUJUI KUSUKUMA

Tuna misuli inayoendesha mifupa zaidi ya 600. Ukiikusanya yote, ni kati ya thuluthi moja na asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima. Na hii yote ina kazi moja tu inayoijua: kuvuta. Hakuna hata msuli mmoja mwilini unaosukuma.

Najua utasema: mbona mimi nasukuma gari likizimika? Jaribu sasa hivi ulipokaa. Weka kiganja cha kushoto juu ya mkono wako wa kulia, kati ya bega na kiwiko. Kunja kiwiko kama unayepeleka tonge mdomoni. Utausikia msuli wa mbele, baisepsi, ukikaza na kupanda. Sasa shika ukingo wa meza na uisukume. Msuli wa mbele umelegea, na wa nyuma ndio umekaza. Ule wa nyuma umejishikiza kwenye ncha ya kiwiko kwa upande wa pili. Ukivuta hapo, mkono unanyooka. Wewe unaona umesukuma, kumbe ndani yako kuna kitu kimevuta.

Kwa sababu hiyo misuli imewekwa jozi jozi. Mmoja anakunja, mwenzake ananyoosha. Na hapa ndipo penye siri: mmoja akivuta, mwenzake lazima aachie. Wote wawili wakivuta kwa nguvu zote kwa wakati mmoja, mkono unakakamaa, hauendi mbele wala nyuma. Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Sherrington, ambaye mwaka 1932 alipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake juu ya neva, alionesha kwamba hili halitokei kwa bahati. Uti wa mgongo unapouamrisha msuli mmoja ukaze, papo hapo unampelekea mwenzake amri ya kulegea. Kila mwendo una amri mbili: "shika" na "achia".

Sasa fikiri rakaa moja. Unapotoka kwenye rukuu kuja itidali, misuli ya mgongo, makalio na nyuma ya mapaja inavuta. Unaponyanyuka kutoka kikao kwenda kisimamo, misuli ya mbele ya mapaja inanyoosha magoti. Vidole vya miguu kwenye sujudu vinakunjwa kuelekea kibla na misuli ambayo mwili wake uko juu huko, kwenye mguu chini ya goti, ukaunganishwa kwa kano ndefu kama kamba za tanga. Subhaanallah. Na wewe wakati huo unafikiria bei ya unga.

NDOO YA LITA KUMI

Tuongeze hesabu kidogo. Chukua ndoo yenye lita 10 za maji, takriban kilo 10, uishike kiwiko kikiwa kimekunjwa kama pembe ya mraba. Ndoo iko mkononi, kama sentimita 35 kutoka kiwikoni. Lakini msuli unaoibeba umejishikiza kwenye mfupa sentimita 5 tu kutoka kiwikoni. Hii ni mizani: mzigo uko mbali mara saba kuliko anayeubeba. Basi ili ndoo ya kilo 10 isianguke, misuli yako inavuta kwa nguvu ya kuinua kilo 70, bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe.

Mtu atauliza, hasara yote hiyo ya nini? Jawabu ni kwamba kinachopotea katika nguvu kinapatikana katika mwendo. Msuli ukifupika sentimita chache tu, kiganja kinasafiri safari ndefu, tena kwa kasi. Ndiyo maana unaweza kurusha jiwe, kupiga nyundo, kumdaka mtoto kabla hajaanguka. Laiti msuli ungefungwa karibu na kiganja, tungekuwa na nguvu nyingi na mikono mizito kama winchi ya bandarini.

KAMBA NDANI YA KAMBA

Ndani ya msuli kuna nini? Aliyewahi kuona kamba ya usumba inavyosokotwa atafahamu haraka. Kamba nene ina kamba nyembamba ndani yake, na nyembamba ina nyuzi. Msuli nao una matita, tita lina nyuzi, na kila uzi una nyuzi ndogo zaidi. Ukifika mwisho kabisa unakuta vyumba vidogo vilivyopangwa foleni, vinaitwa sakomea. Ni vidogo kiasi kwamba milimita moja inabeba karibu 400.

Katika kila chumba kuna nyuzi za aina mbili za protini. Nyembamba inaitwa aktini, nene inaitwa miosini. Ile nene ina vichwa vidogo vingi vimechomoza kama mikono. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani uzi wenyewe ndio unaojikunja. Mwaka 1954, katika toleo moja la jarida la Nature, makundi mawili yalitoa jibu lililo sawa: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mwingine. Huxley wawili, na si ndugu. Walionesha kuwa nyuzi zenyewe hazifupiki. Zinateleza, moja inaingia ndani ya nyingine.

Mfano wake ni wavuvi wanaovuta wavu ufukweni. Kamba haipungui urefu. Kila mtu anashika, anavuta, anaachia, anapeleka mkono mbele, anashika tena. Na hawaachii wote pamoja, la sivyo wavu ungerudi baharini. Huyu anapoachia, mwenzake ameshika. Vichwa vya miosini vinafanya vivyo hivyo: kinashika aktini, kinavuta, kinaachia, kinashika mbele zaidi. Mabilioni ya vishikio hivyo yanafanya kazi ili wewe uinue kikombe cha chai tu.

Zingatia neno lile: kinaachia. Mvuvi asiyeachia kamba hawezi kuvuta mara ya pili. Asiyeachia amesimama.

AMRI INATOKA WAPI

Msuli haufanyi haya kwa kujiamulia. Unakusudia kuinua mkono. Amri inatoka kwenye ubongo, inashuka uti wa mgongo, inapokelewa na neva inayokwenda mpaka kwenye msuli. Amri hiyo ni umeme mdogo. Mtaliana Luigi Galvani alichapisha mwaka 1791 majaribio yake ya miguu ya chura iliyorukaruka ilipoguswa kwa umeme, na tokea hapo watu wakaanza kufahamu.

Neva inapofika kwenye msuli haiugusi. Kuna mwanya mdogo kabisa. Neva inamwaga hapo kemikali iitwayo asetilikolini, msuli unapokea, umeme unaenea, na kutoka kwenye maghala yaliyo ndani ya uzi inatoka kalsiamu. Kalsiamu ndiyo inayofungua mlango wa aktini ili miosini ipate pa kushika. Amri ikikoma, kalsiamu inarudishwa ghalani, mlango unafungwa, msuli unalegea. Yote haya kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Na neva moja haiongozi uzi mmoja. Kwenye misuli ya jicho, neva moja inaongoza nyuzi chache tu, kwa sababu jicho linataka mwendo wa makini unaposoma msahafu. Kwenye paja, neva moja inaweza kuongoza nyuzi mamia, hata zaidi ya elfu. Ukiinua kikombe, yanaitwa makundi madogo machache. Ukiinua gunia, yanaongezwa makubwa moja baada ya jingine. Kwa mpangilio huu mkono uleule unaweza kubeba yai bila kulipasua na kubeba kiroba cha mchele.

MKONO WA MAMA

Sasa nije kwenye lililonifundisha haya. Sikuyasoma darasani.

Mama yangu mzazi, Allah amrehemu, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukawa mzito. Wiki za mwanzo mkono ulikuwa umelegea kabisa. Kisha, badala ya kurudi kama tulivyotaraji, ukaanza kujikunja. Vidole vikajifunga ngumi. Sisi watoto tukafurahi, tukasema mkono unapata nguvu.

Siku moja ananiita baada ya Adhuhuri. Anasema kwa taabu, neno moja moja: "Mwanangu, kidole hakitoki. Tahiyatu yangu itakuwaje?" Mnajua sisi katika tashahhud tunakunja vidole vya mkono wa kulia na kunyoosha cha shahada. Yeye vilikunjika vyote, na kile kimoja kikakataa. Miaka zaidi ya 60 amekinyoosha, leo hakitoki. Alikuwa analia, na kilichomliza hakikuwa maumivu.

Nikamwambia: Mama, kunyoosha kidole ni sunna, na aliyezuiliwa na udhuru hana lawama. Swala yako iko palepale. Akanyamaza, akasema, "Lakini mbona kimeshika hivi?"

Hilo sikuwa na jawabu lake. Nikamuuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimhudumia. Yule kijana, Allah amlipe kheri, akamkalia chini, akaushika ule mkono na kuufungua taratibu, kidole baada ya kidole. Akasema: "Ustadhi, msionyeshe furaha kwa ngumi hii. Hii si nguvu. Amri ya 'shika' bado inapigwa huku chini kwenye uti wa mgongo, lakini ile sauti ya kutoka juu inayosema 'basi, achia' haifiki. Msuli unaokunja vidole una nguvu kuliko unaonyoosha, ndiyo maana anashinda yeye."

Wallahi sentensi ile haikunitoka tena. Mkono wa mama haukukosa nguvu ya kushika. Ulikosa amri ya kuachia.

Yule kijana akatupa kazi: kuufungua mkono kwa upole kila siku, mara kadhaa, ili misuli na kano zisifupike moja kwa moja. Na akatuzuia jambo moja ambalo watoto wengi tunalifanya kwa mapenzi, yaani kumfanyia mgonjwa kila kitu. Kwa sababu msuli ni kiumbe cha ajabu: usipotumika, mwili unaupunguza. Unaupunguza upesi zaidi mtu akilazwa kitandani kutwa. Hata wanaanga, vijana wenye afya, huko juu ambako mwili hauna uzito, wanalazimika kufanya mazoezi kama saa mbili kila siku ili misuli isiwaishe. Sembuse mzee wa miaka 70 anayelishwa, anayevishwa, anayegeuzwa.

Tukaanza na kiti. Ainuke, akae, ainuke, akae, mmoja wetu amemshika. Mara mbili, siku nyingine tatu. Baada ya miezi akawa anasimama kwa takbira ya kwanza na Alfatiha, kisha anakaa na kumaliza swala yake juu ya kiti.

Na hapa ndipo jawabu la wanaouliza. ‘Imran bin Huswayn (radhi za Allah ziwe juu yake) alikuwa na maradhi ya bawasiri akamuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya swala. Akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Iko kwa Bukhari. Basi:

1. Anayeweza kusimama kidogo, asimame kile kidogo. Asiyeweza, akae na hana dhambi.

2. Anayeswali kwenye kiti na hawezi kusujudu, aashirie kwa kichwa na kuinama, sujudu aishushe zaidi kuliko rukuu.

3. Asiyeweza hata hivyo, aswali kwa ubavu, na kwa ishara anayoiweza. Akili ikiwepo, swala ipo. Msiwaambie wazee wenu "wewe pumzika tu". Mnadhani mnawahurumia, kumbe mnawatoa kwenye kitu walichoishi nacho maisha yao yote.

4. Kwa ambao bado wana uwezo: daktari akiruhusu, wainueni, watembezeni, wapeni chakula kinachojenga mwili, maharage, mayai, dagaa, maziwa. Kila rakaa ya kusimama ni mazoezi ya paja kabla haijawa kitu kingine, na thawabu iko palepale.

PEPOPUNDA

Baada ya hapo nikawa kila nikisikia habari ya mwili naitazama kwa jicho lile la kushika na kuachia. Chukua pepopunda. Wazee waliita hivyo wakiona mtu taya zimejifunga, mgongo umepinda kama upinde, wakasema amepandwa na pepo. Sasa inajulikana ni sumu ya vijidudu vinavyoingia kwenye kidonda. Na sumu ile haiuongezei msuli nguvu mpya. Inazizuia neva zinazotuliza. Amri ya "achia" inakatwa, kila msuli unashika, na mwenzake naye anashika, mpaka mtu anaweza kufa kwa kushindwa kupumua. Mwili umejaa nguvu, na nguvu hiyohiyo inamuua. Chanjo yake ipo, wapelekeni watoto na wajawazito.

KUACHIA KUNAHITAJI UHAI

Nimefika kwenye kiini cha somo.

Mama alifariki alfajiri. Dada yangu, ambaye ndiye aliyesimamia kuoshwa kwake, alituambia kwamba muda mfupi baada ya roho kutoka, mkono ule wa kulia ulifunguka wenyewe. Amri ya "shika" iliyokuwa ikipigwa miezi yote ilikoma. Akamfunga taya, akamfumba macho, akavilainisha viungo vyake kama tunavyofundishwa katika fiqhi: mkono ukunjwe na kunyooshwa, mguu vivyo hivyo, kwa upole, mapema, kabla mwili haujakakamaa.

Kwa nini mapema? Mafakihi wetu waliandika hivyo zamani kwa uzoefu wa kuosha maiti: ukichelewa, viungo havilainiki. Na elimu ya misuli inaeleza sababu.

Nimesema kichwa cha miosini kinashika, kinavuta, kinaachia. Kazi hii ina mafuta yake, kemikali ambayo wataalamu huiita ATP. Mwili unaitengeneza kutokana na chakula na hewa tunayovuta. Akiba iliyomo ndani ya msuli inatosha sekunde chache tu, kwa hiyo inatengenezwa upya bila kukoma. Wengi tungedhani mafuta yanahitajika wakati wa kushika. Lakini tazama hekima ya Muumba: kichwa cha miosini kikishamaliza kuvuta kinabaki kimeng'ang'ania. Hakibanduki mpaka ATP mpya ije ikiguse. Hata kuirudisha kalsiamu ghalani kunahitaji ATP. Kulegea kuna gharama yake.

Mtu akifa, mwanzo mwili unalegea. Kisha pumzi hakuna, chakula hakuna, ATP inaisha. Kalsiamu inavuja, vichwa vinashika, na hakuna cha kuvibandua. Kwa kawaida baada ya saa 2 mpaka 6 ukakamavu unaanza usoni na taya, unashuka shingoni, unaenea mwili mzima, na penye joto huja haraka zaidi. Hukaa mpaka protini zenyewe zianze kuvunjika, siku moja au mbili baadaye. Waoshaji wa maiti wanakujua vizuri ninachokisema.

Kwa hiyo maiti aliyekakamaa hana nguvu. Amekakamaa kwa sababu hana tena kinachomwezesha kuachia. Ndugu yangu, kushika hata maiti anashika. Kuachia ndiko kunakohitaji uhai.

TURUDI KWENYE NAFSI ZETU

Mtume (s.a.w.) aliwafahamisha maswahaba kuwa mwenye nguvu hasa si yule anayewabwaga watu mieleka, bali ni yule anayejimiliki anapokasirika. Iko kwa Bukhari na Muslim. Kwa miaka niliisomesha hadithi hii kama nasaha ya tabia njema. Tokea mkono wa mama, naisomesha kama maelezo ya nguvu ni nini.

Tuna ndugu wa tumbo moja ambao hawajasalimiana tangu mirathi ya baba yao igawiwe. Ukimuuliza mmoja anasema, "Mimi nina msimamo." Shamba lenyewe lilishauzwa, fedha zimekwisha, lakini ngumi bado imefungwa. Tuna mke na mume wanaoishi nyumba moja na neno moja la miaka kumi nyuma, halijaachiwa. Tuna mwenye mali ambaye kila zaka ikimjia anakakamaa, na anaiita ile hali uangalifu. Tuna mzee aliyesusa msikiti kwa sababu ya imamu aliyekwishahama. Wote hawa wanadhani wana nguvu. Yule kijana wa mazoezi angewatazama akasema: msifurahie, hii si nguvu.

Wala kuachia hakumaanishi kulegea ovyo. Unapoteremka kwenda sujudu, misuli ya mbele ya mapaja inarefuka huku inashika, kidogo kidogo, ili usidondoke kama gunia. Kazi hiyo ni ngumu, ndiyo maana mwenye mapaja dhaifu anaanguka kitako. Basi naye anayesamehe si mnyonge. Haki yake anaijua, uwezo wa kulipiza anao, na anajishusha kwa hiari yake mpaka paji la uso linagusa ardhi. Kama kuna dhulma inayoendelea, izuie, nenda kwa kadhi, chukua haki yako. Hukumu za Allah zipo kwa ajili hiyo. Lakini baada ya haki kuchukuliwa au kukosekana, fungua mkono. Mvuvi asiyeachia kamba hapati kuvuta tena.

Na kumbukeni Allah ametueleza ndani ya Surat Yaasin kwamba itakuja siku vinywa vitafungwa na mikono na miguu itatoa ushahidi. Misuli hii tunayoiamrisha leo itasema iliamrishwa nini. Mkono utasema ulishika nini, na huenda utaulizwa pia uliachia nini.

Kwa hiyo kabla hujalala usiku huu, fanya mambo mawili. La kwanza, kama una mzazi au jirani mgonjwa, kesho nenda ukamsaidie ainuke, hata mara mbili tu, kisha umsaidie aswali kwa namna anayoiweza. La pili, tafuta jambo moja ulilolishika ambalo halina faida tena, umtafute mwenyewe, umpigie simu, uachie. Ulipo hapo una ATP, una pumzi, una amri inayotoka ubongoni mpaka kwenye ncha ya kidole. Itafika saa ambapo havitakuwepo, na mwingine ndiye atakayekuwa akivilainisha viungo vyako.

Ewe Mola wetu, tupe afya katika miili yetu, utupe nguvu ya kushikamana na dini yako na nguvu ya kuachia yanayotuangamiza. Wape shifaa wagonjwa wetu waliopooza, uwalipe wanaowahudumia usiku na mchana. Warehemu wazazi wetu waliotangulia, utusamehe sisi na wao, na utufishe ilhali mikono yetu iko wazi. Aamiin.

Wallaahu a‘lam. Wabillaahi tawfiiq.

Mwenye mgonjwa nyumbani na mwenye swali, aandike hapo chini, inshaallah nitajibu kadiri ya uwezo. Na mpelekee posti hii yule ambaye simu yake umekuwa huipokei.